Ekseli Moja, Motokari Mbili

Watoto, bila shaka mmekwisha kuona motokari iliyokufa kando ya njia. Siku ya kwanza taa zinaondoka. Juma halijaisha, viti havimo tena na vioo vimekwenda. Mwisho kuku wanatagia ndani. Watu wanaopita husema: "Hii imekwisha." Lakini fundi hapiti upesi namna hiyo. Anachutama, anatazama chini kabisa, penye giza na matope, naye anajiuliza: "Kitu gani hapa bado ni kizima?"

Mara nyingi kitu kizima ni ekseli ya nyuma. Ndiyo ule mti mnene wa chuma unaolala toka gurudumu la kushoto hata gurudumu la kuume, na katikati una tumbo la mviringo kama chungu. Mvua haiuharibu upesi, maana ndani yake mna mafuta. Kwetu watu huiondoa ekseli na kuifunga chini ya mkokoteni wa kuchukulia mihogo au maji, na kazi imekwisha. Mkokoteni haukimbii. Lakini tuseme mtu anataka kuitia ekseli hiyo katika motokari nyingine, ya namna nyingine kabisa, iliyotengenezwa miaka 60 na zaidi kabla yake. Tena anataka kuipanda na kukimbia kilometa 90 kwa saa. Je, yawezekana? Yawezekana. Huko Marekani wako watu wengi wanaoifanya kazi hii. Leo nitawaeleza jinsi wanavyoifanya, na kuwaonyesha mahali ambapo kosa dogo laweza kumwua mtu.

Tangu mwaka 1927 hata mwaka 1931 kiwanda cha Ford kilitengeneza motokari jina lake Model A. Zilitoka karibu milioni 5. Ilikuwa motokari ya watu wa kawaida. Motere yake ilikuwa na nguvu za farasi 40, nayo ilifika kilometa 100 kwa saa ikijikaza sana. Baada ya miaka michache Model A nyingi zilikuwa kuukuu na bei yake ndogo. Vijana wa California, wasio na fedha za kununua motokari mpya, wakazinunua hizi. Wakaondoa mabawa ya juu ya magurudumu, wakaondoa kila kitu kizito, wakatia motere zenye nguvu zaidi, wakaenda kushindana juu ya ziwa kavu la Muroc katika jangwa la Mojave, ambako ardhi ni sawa kama meza. Mwaka 1937 wakaunda chama cha kusimamia mashindano yao. Vita vilipokwisha mwaka 1945 wakaongezeka sana, na mwaka 1949 wakaanza kushindana pia juu ya uwanja wa chumvi wa Bonneville. Motokari hizo huitwa hotirodi. Hata leo watu wanazitengeneza nyumbani kwao, nyuma ya nyumba au ndani ya kibanda, na ni vigumu kuona mbili zinazofanana.

Basi mtu mmoja ana Model A ya mwaka 1930. Ametia ndani yake motere ya nguvu za farasi 200. Sasa anatazama ekseli ya zamani, anakuna kichwa.

Ili tujue kwa nini anakuna kichwa, yafaa kwanza tujue kazi ya ekseli. Wengi hudhani ni fito tu ya kushikia magurudumu. Sivyo. Ekseli ya nyuma huchukua uzito wa motokari, husukuma motokari, hubeba freni, tena hugeuza njia ya nguvu. Fikirini: motere iko mbele. Nguvu yake huja nyuma kwa njia ya shafti ndefu iitwayo kardani, nayo kardani huzunguka kama keekee ya seremala inayotoboa ubao. Lakini magurudumu hayazunguki namna ya keekee. Yanazunguka namna ya jiwe la kunolea visu. Nani anaugeuza mzunguko huo? Ndani ya lile tumbo la chuma mna gurudumu kubwa la meno, nalo Wafaransa wameliita taji, kwa kuwa linafanana na taji la mfalme. Linasukumwa na gurudumu dogo la meno lililo mwisho wa kardani, jina lake pinyoni. Mara nyingi pinyoni ina meno 11, na taji meno 41. Gawanyeni 41 kwa 11, mtapata 3,73. Maana yake, pinyoni yazunguka karibu mara 3 na robo tatu kabla taji halijazunguka mara moja. Katika velo ni kinyume: gurudumu kubwa la meno lavuta dogo, nawe wapata mbio. Hapa dogo lasukuma kubwa. Mbio zapungua, nguvu yazidi.

Kisha kuna jambo la kona. Fanyeni jaribio hili uwanjani. Watoto wawili washike ufito wenye urefu wa meta 1 na sentimeta 42, mmoja mwisho huu, mwingine mwisho ule. Wazunguke mti wa uwanja mara moja, bila kuacha ufito, na mwisho mmoja uelekee mti sikuzote. Yule wa nje atakimbia, yule wa ndani atatembea polepole. Wa nje atakuwa amepita karibu meta 9 zaidi kuliko wa ndani. Haidhuru mzunguko ukiwa mdogo au mkubwa, tofauti ni ile ile. Hesabuni wenyewe mkitaka kunibishia. Sasa magurudumu ya nyuma ya Model A yaachana kadiri hiyo hiyo, sentimeta 142. Kama yote mawili yangefungwa juu ya fito moja, katika kila kona moja lingeburuzwa. Kwa hiyo ndani ya taji mna magurudumu mengine madogo ya meno, yanayoruhusu upande mmoja kwenda mbio kuliko mwingine. Chombo hicho chaitwa diferensiali. Katika karne ya 19 fundi wa saa mmoja wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alikitumia katika gari la nguvu ya mvuke, kabla motokari za esansi hazijakuwako. Kutoka diferensiali zatoka shafti mbili, moja huku, moja huku, ndani ya mabomba mawili ya feleji, hata kufika magurudumuni.

Sasa mwaelewa. Shafti za Model A zilifanywa kwa nguvu za farasi 40. Kila gurudumu lashikwa juu ya shafti kwa kipande kidogo cha feleji, mfano wa kabari. Utie nguvu za farasi 200, ukanyage esansi kwa nguvu, na kabari ile yaweza kukatika kama jino la mzee. Tena freni zake hazisukumwi na mafuta. Zavutwa kwa fito za chuma, na fito hizo hulegea.

Basi mwenye motokari anakwenda penye uwanja wa motokari zilizokufa. Zamani kila mtu alitafuta ekseli moja ambayo Ford walianza kuitengeneza mwaka 1957, yenye taji pana karibu sentimeta 23. Ilitiwa katika motokari mpya hata mwaka 1986. Ni ekseli nzuri sana, lakini wote waliipenda, na kitu ambacho wote wanakipenda hakikai na bei ndogo. Siku hizi wengi huchukua ekseli ya Ford Explorer, zile za mwaka 1995 hata mwaka 2001. Taji lake lapita kidogo sentimeta 22, na freni zake ni za sahani. Explorer ina uzito wa karibu tani 2. Model A yetu ni kama tani 1 tu. Aliyezoea kubeba magunia mawili hataanguka chini ya moja.

Mnunuzi mwenye akili hatoi fedha mara moja. Huvuta kifuniko cha nyuma na kutazama mafuta. Yakiwa meusi, haidhuru. Yakiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia, na rulema zimepata kutu. Yakiwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, anafunga na kwenda zake. Juu ya bulo moja la kifuniko hupatikana kibati kidogo chenye maandiko kama 3L73. Tarakimu ni hesabu ile ya meno, 3,73. Herufi L yasema kwamba diferensiali ni ya namna isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure katika matope. Na kama kibati kimepotea? Ikiwa diferensiali ni ya kawaida, ashike gurudumu moja lisizunguke, azungushe lingine mara 2 kamili, ahesabu kardani imezunguka mara ngapi. Jibu ndilo hesabu ya meno. Mpango huo naupenda sana, maana hauhitaji chombo chochote ila chaki na jicho.

Ekseli imefika nyumbani. Na mara tabu ya kwanza yaonekana: ni pana mno. Toka mahali pa kufungia gurudumu la kushoto hata pa kuume ni karibu sentimeta 151. Ikitiwa hivyo, magurudumu yatatoka nje ya motokari kama masikio ya tembo, au yatakwaruza mabawa. Tena tumbo halikai katikati: bomba la upande mmoja ni refu kupita la pili kwa sentimeta 7 na kitu. Mtu angesema hiyo ni tabu ya pili. Kumbe ndiyo dawa ya ile ya kwanza! Wafundi hukata bomba refu, wakapunguza ile ziada, likawa sawa na fupi. Na shafti? Hawakati shafti. Wanarudi uwanjani, wanatoa shafti fupi ya Explorer nyingine iliyokufa, wanaitia upande ule uliokatwa. Sasa wana shafti mbili fupi zilizo sawa, zote za kiwanda, na upana umekuwa karibu sentimeta 144. Mtu aliyewaza hivyo kwanza alikuwa na akili, nami namheshimu ingawa sikumwona.

Lakini kukata! Hapo ndipo mikono hutetemeka. Mimi mwenyewe, siku moja katika karakana, nilikuwa na bomba la kukata kwa ajili ya mkokoteni. Nilipima mara moja, nikasimama kuongea na mtu, nikarudi, nikakata penye alama ya kwanza niliyoiona. Alama ile ilikuwa ya kazi ya jana. Chuma hakiongezeki kama unga wa ugali. Ule mkokoteni ulipata upande mmoja mfupi, na wanafunzi wakauita "kilema" hata ulipokufa. Mkokoteni kuwa kilema ni kichekesho; motokari sivyo.

Kwa hiyo fundi hupima mara tatu, tena kabla ya kukata huchora mstari mmoja ulionyoka juu ya bomba kwa ncha ya feleji, toka sehemu itakayobaki hata sehemu itakayotolewa. Kwa nini mstari? Kwa sababu mwisho wa bomba una mahali pa kufungia freni. Ukiurudisha umezunguka kidogo tu, freni haitakaa mahali pake. Mistari miwili ikikutana, amejua kwamba mwisho umerudi kama ulivyokuwa.

Kisha huja kulehemu kwa umeme. Moto huvuta chuma. Chuma kikipoa, hujikunja kuelekea mahali pa moto, na bomba lililokuwa sawa linakuwa kama ndizi. Shafti inayozunguka ndani ya ndizi itakula rulema zake katika siku chache. Hivyo fundi hupitisha fito nene ya feleji iliyonyoka sawasawa, toka mwisho hata mwisho, ikishikwa na visahani vilivyokaa mahali pa rulema. Analehemu kidogo juu, kidogo chini, kidogo huku, kidogo huku, anangoja ipoe, ndipo aendelee. Fito ikiweza kutoka kwa mkono mmoja, kazi ni nzuri. Ikikwama, bomba limepinda.

Na jambo lingine. Tumbo la ekseli ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, lakini mabomba ni feleji. Vyuma hivi viwili havipendani. Kiwandani mabomba yalisukumwa ndani ya tumbo kwa nguvu na kushikwa kwa vidonge vichache vya kulehemu. Mwenye motere ya nguvu nyingi hutaka kuyalehemu pande zote yasizunguke. Asipolipasha moto tumbo kwanza, na asipoliacha lipoe polepole, chuma cha kusubu kitapasuka, pengine siku ile ile, pengine baada ya mwezi, njiani.

Ndani ya diferensiali kila shafti yazuiwa isitoke kwa kipete kimoja tu, chenye umbo la herufi C, kidogo kuliko kidole cha mtoto. Wakati wa kuunganisha tena, fundi avute kila shafti kwa nguvu kuelekea nje na kujua kwamba kipete kimeingia. Kikisahauliwa, shafti itatoka njiani pamoja na gurudumu lake. Motokari itaanguka ubavu, nalo gurudumu litaendelea mbele peke yake, kati ya watu.

Sasa ekseli yafaa kufungwa chini ya shasi. Labda mtasema: "Hiyo ni rahisi, walehemu tu." Ngojeni. Katika Model A kardani haionekani. Imefichwa ndani ya bomba nene, na bomba hilo limeshikwa na ekseli kwa nyuma, na kwa mbele limeshika sanduku la vitesi. Bomba hili lilifanya kazi mbili kimya kimya. Ya kwanza, lilisukuma motokari: magurudumu husukuma ekseli, ekseli husukuma bomba, bomba husukuma motokari yote. Ya pili, lilizuia ekseli isijizungushe. Maana pinyoni inapolisukuma taji, ekseli nayo hutaka kuinua pua yake juu. Ekseli ya Explorer haina bomba la namna hii. Ukilitoa la zamani usiweke kitu badala yake, siku ya kwanza ya kukanyaga esansi ekseli itajipindua chini ya motokari.

Badala yake wafundi huweka fito nne za feleji, mbili chini na mbili juu, zenye viungo mwisho wake, toka ekseli hata shasi. Za chini na za juu pamoja huishika pua ya ekseli isiinuke, na magurudumu yabaki huru kupanda na kushuka penye mashimo. Fito ya tano hupita kwa upana, ili ekseli isiende kushoto wala kuume. Jina lake ni fito ya Panhard, kwa ajili ya nyumba moja ya zamani ya Ufaransa iliyotengeneza motokari. Mwisho kuna resori za kuchukua uzito.

Masikio ya chuma yanayoshika fito hizo hayalehemiwi kabisa mara moja. Yanadonolewa tu, tone moja la chuma, tone lingine, ili yaweze kupigwa nyundo na kutoka. Kwanza motokari hushushwa juu ya magurudumu yake, na uzito wote ukiwamo. Kisha fundi hupima toka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto na upande wa kuume. Katika Model A ni sentimeta 263. Pande zote mbili ziwe sawa. Zikiachana sentimeta 1, motokari itatembea kwa ubavu kama mbwa anavyokimbia, na pine zitaisha kabla ya wakati wake.

Tena kuna pembe ya pinyoni. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosa, hata wafundi wa miaka mingi. Kardani ina kiungo mbele na kiungo nyuma, kila kimoja chenye umbo la msalaba. Jina kardani latoka kwa Mwitalia Girolamo Cardano wa karne ya 16. Kiungo hiki kina tabia ya ajabu. Kikikunjwa, hakizungushi sawasawa: mkono wa mbele ukizunguka kwa mwendo mmoja, mkono wa nyuma huharakisha, hulegea, huharakisha, hulegea, mara mbili katika kila mzunguko. Kama kiungo ni kimoja, motokari yote itatetemeka. Lakini viungo ni viwili. Kile cha pili chaweza kusahihisha kosa la kile cha kwanza, kikiwa kimekunjwa kadiri ile ile. Basi fundi huweka pimamaji yenye digrii juu ya motere. Aona kwamba motere yashuka kuelekea nyuma kwa digrii 3. Hapo hugeuza ekseli hata pinyoni itazame juu kwa digrii 3. Mstari wa motere na mstari wa pinyoni havikutani kamwe. Ni mistari sambamba, kama mlivyojifunza katika somo la hesabu. Ndipo hulehemu masikio moja kwa moja. Aliyeyalehemu kabla ya kupima atasikia mlio chini ya miguu yake kila siku, na misalaba ya kardani itamkatikia.

Kardani nayo hukatwa kwa urefu mpya, ikiachiwa sentimeta 2 au 3 za kuteleza mbele na nyuma, maana ekseli hucheza juu ya mashimo.

Mwenye motokari atauliza pia: "Meno haya yanafaa?" Tuhesabu pamoja. Pine yenye kimo cha sentimeta 71 ina mzunguko wa 71 × 3,14, yaani karibu meta 2,23. Kwa kilometa 90 kwa saa, motokari yapita meta 1500 kila dakika. 1500 ÷ 2,23 ni kama 673: gurudumu lazunguka mara 673 kwa dakika. Kwa ekseli ya 3,73, kardani yazunguka karibu mara 2510. Kama vitesi ya mwisho haibadili kitu, ndio mwendo wa motere. Kwa 4,10 ingekuwa karibu mara 2760, nayo motere ingelalamika safari yote na kunywa esansi nyingi. Kwa motokari hii nyepesi, mimi ningechukua 3,73, au hata pungufu yake.

Magurudumu ya zamani hayakubali ekseli mpya. Yote yana matundu 5 ya bulo, lakini duara la matundu katika Model A lina upana wa milimeta 139,7, na katika Explorer milimeta 114,3. Nimesikia kwamba watu wengine huyapanua matundu kwa tupa hata bulo zikaingia. Watu hao wasipewe motokari, hata ya mbao. Afadhali kununua magurudumu yenye duara lililo sawa.

Freni za sahani za Explorer ni kali. Ndiyo sababu zaogopesha katika motokari nyepesi. Ukikanyaga freni, uzito hukimbilia mbele, nyuma kukawa kwepesi. Freni za nyuma zikishika kwa nguvu kuliko za mbele, magurudumu ya nyuma husimama, nayo motokari hugeuka, mkia ukatangulia. Kwa hiyo bomba la mafuta ya freni liendalo nyuma hutiwa kizuizi kidogo chenye parafujo, na fundi hukipunguza hata magurudumu ya mbele yawe ya kwanza kushika. Jambo hilo hujaribiwa mahali peupe, pasipo watu, kwa mwendo mdogo kwanza.

Mafuta hutiwa, lita 2 na nusu hivi, na kile kitundu cha kupumulia juu ya bomba huzibuliwa. Ekseli ikipata joto, hewa ndani huvimba. Isipopata njia, husukuma mafuta nje penye freni, na freni zenye mafuta si freni tena.

Siku ya kuijaribu, nyuma ya motokari huinuliwa juu ya magogo, na motere huzungushwa polepole, kila mtu akisikiliza. Kisha yashushwa chini. Safari ya kwanza si ndefu: kilometa 2 au 3, bila kukimbia, na kurudi. Mwenye motokari hata haingii nyumbani kula. Anagusa kila tumbo la rulema kwa kiganja, kama lina joto la kupita kiasi. Analala chini penye vumbi, taa mkono wa kushoto na ufunguo mkono wa kuume, anajaribu bulo moja moja, na kutafuta tone la mafuta. Baada ya kilometa 100 atalala pale pale tena.